Kumrudisha Mavyaa Nyumbani Nikiwa Edani

Mwaka ulikuwa 1960, msimu wa kipupwe, nami nilikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja. Nilikuwa edani. Mume wangu alifariki Jumanne, tarehe 12 Aprili, sawa na tarehe 16 ya mfunguo mosi, mwezi wa kwanza baada ya mfungo, na eda yangu ya miezi minne na siku kumi ilikuwa imalizikie mfunguo tano. Mwanamke aliye edani hahitaji kalenda ukutani, kwa kuwa kila jua linalotua analihesabu yeye mwenyewe. Ndiyo sababu tarehe za mwaka ule sizikosei, na anayenibishia hupoteza wakati wake.

Eda nilikaa Jomvu Kuu, katika nyumba ya mavyaa yangu, yaani mama yake mume wangu. Nyumba ile aliirithi kwa baba yake. Niliingizwa humo bibi harusi mwaka 1948, na humo ndimo lilimotoka jeneza la mume wangu. Sheria ilinitaka nibaki pale aliponiacha, nami nilibaki. Wifi yangu, dada yake marehemu, aliyekuwa ameolewa Likoni, hakulipenda hata hilo. Siku za matanga alipita chumba baada ya chumba akitazama dari, kama mtu aliyeambiwa kuna popo. Sikuwa na mtoto, na yeye hakuacha kunikumbusha.

Jumatatu, tarehe 2 Mei, mavyaa aliteleza uani akitoka kutawadha, akaangukia upande wa kushoto. Hakuweza kuinuka. Wifi yangu alipopata habari alivuka feri na mkandaji wake, bibi mmoja wa Likoni aliyekuwa na sifa kubwa, na mafuta ya nazi ndani ya chupa. Nikasema mgonjwa apelekwe hospitali. Nikaambiwa nirudi chumbani kwangu, kwa kuwa mwenye eda hana sauti katika mambo ya watu. Ule mguu ulikandwa wiki nzima kwa mafuta ya moto, asubuhi na jioni, na mavyaa, ambaye sikuwahi kumsikia akilia hata siku aliyozikwa mwanawe, alilia hadi majirani wakafunga madirisha. Tarehe 9 Mei kaka yangu, aliyekuwa akifanya kazi kwenye matangi ya mafuta Changamwe, alikuja na gari la kukodi, akambeba bila kumuuliza mtu. Daktari wa hospitali ya kisiwani alimwambia mfupa wa nyonga umevunjika, kisha akamuuliza ni nani aliyeukanda mfupa uliovunjika kama anayekanda unga. Kaka yangu hakujibu. Mimi ningejibu.

Mavyaa alilazwa, mguu ukafungwa kamba yenye vizito, na hivyo ndivyo alivyokaa miezi miwili na zaidi. Wifi yangu alikwenda kumtazama kila Ijumaa na kuwaeleza wote waliomsikiliza kwamba mguu ulikuwa unapona mikononi mwa mkandaji, hospitali ndiyo iliyouharibu.

Jumatatu, tarehe 18 Julai, kaka yangu alikuja jioni, akaketi penye mlango wa chumba changu.

"Mdogo wangu, mavyaa yako yuwatoka hospitali," akasema.

"Lini?"

"Hapo ndipo palipo na kazi. Sista wa wodi, yule Mzungu, asema hamtoi mpaka ajue aenda wapi, na nani atakayemtazama. Ataka kitanda kigumu, kisichobonyea. Mgonjwa asichutame kabisa, basi patengenezwe kiti cha choo. Njiani pasiwe na cha kukwaa. Mguu usikanyage chini kwa uzito wake mpaka daktari aseme, atembee kwa magongo. Na usikandwe. Hilo alilisema mara mbili."

"Kitanda tutatia ubao chini ya godoro. Kiti utakitoboa wewe. Na cha kukwaa ni kizingiti."

"Kizingiti chenu kinafika goti la mtoto."

"Kikate."

Alinitazama. Kizingiti kile kilikuwa cha mti mzima, kimewekwa na babu yake mume wangu mwenyewe. "Nikikate, kisha wifi yako anikate mimi?"

"Mtu wa magongo hawezi kukivuka. Kikate."

Kisha akaleta la mwisho. Huyo sista alitaka atakayemtazama mgonjwa aende wodini kwanza, afundishwe kumwinua, kumgeuza na kumweka kitini. Asiyefundishwa hapewi mgonjwa. Tena, kama hadi mwisho wa mwezi hapatakuwa na nyumba iliyo tayari na mtu mmoja aliyekubaliwa na wote, mavyaa angehamishiwa kwenye wodi ya wazee wasio na watu, maana kitanda chake kilikuwa kikihitajiwa.

Mavyaa yangu, binti wa watu waliozikana Jomvu Kuu tangu enzi, alazwe na wasio na watu. Nilimwambia kaka yangu akalete msumeno.

Jumatano, tarehe 20 Julai, wifi yangu aliingia bila hodi. Kizingiti kilikuwa kimekwisha kukatwa na vipande vimeegemezwa ukutani. Alisimama pale mlangoni muda mrefu. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mikono yenye nguvu, na alikuwa amesoma hadi darasa la nne, jambo ambalo haikupita siku bila yeye kulitaja.

"Nani kakupa ruhusa?" akauliza.

"Karibu, wifi. Mguu wa mama yako ndio ulionipa."

"Mama haji hapa. Mama yuaja Likoni. Nimekwisha kumwambia yule Mzungu kwamba wewe umefungiwa ndani na huwezi kwenda kokote. Na kama ungeweza, ungefanya nini? Hata saa hujui kuisoma. Dawa utampa kwa jua?"

"Sala tano nazijua kwa jua, na hakuna hata moja iliyonipita. Dawa zake ni mara tatu."

"Wajibu kama uliyesoma."

"Na wewe wauliza kama ambaye hukusoma."

Nitalisema hapa, lisije likadhaniwa kwamba lilinichoma: ni kweli sikujua kusoma saa wala herufi za Kizungu. Niliingia darasani mwaka 1966, nikiwa na miaka thelathini na saba, nikakaa dawati moja na wanawake wadogo kwangu, na ninachokiandika sasa nimekiandika kwa mkono wangu. Mwaka 1960 nilijua kusoma Kurani na maandishi ya Kiarabu, basi; kuandika sikujua.

Wifi yangu aliketi juu ya kile kiti kipya cha choo, ambacho kaka yangu alikuwa amekitoboa vizuri na kukipiga msasa, akakiangalia, kisha akainuka upesi.

"Sema kweli," akasema. "Huna mtoto. Hukumzalia ndugu yangu hata kifaranga. Eda ikiisha, huna cha kukukalisha hapa. Ndio maana wamtaka mama, akukalie kama kufuli juu ya nyumba."

Nyumba niliitaka. Ni nani asiyeitaka nyumba aliyoifagia miaka kumi na miwili? Lakini sikuwa na haja ya kumweleza yeye.

"Nimtakaye ni mwenye nyumba, arudi kwake akiwa na miguu miwili," nikamwambia. "Ukimchukua Likoni, yule bibi wako wa mafuta yuko mlango wa pili. Atamkanda hadi asiwe na mguu."

"Yule bibi alinikanda nikiwa mchanga."

"Ulikuwa hujavunjika."

Aliondoka akinitahadharisha kwamba nikitoka nje ya mlango ule ndani ya eda, Jomvu yote itajua nimemfanyia nini ndugu yake kaburini. Na alikuwa na watu wa kumwamini. Kwetu wengi walishika kwamba mwenye eda hatoki kabisa, hata nyumba ikiungua. Hata mwalimu wa chuo cha Kurani, kaka yangu alipomuuliza, alikuna ndevu na kusema heri kukaa.

Basi nilimtuma kaka yangu kwa Kadhi. Alirudi Ijumaa, tarehe 22 Julai, baada ya sala, na jibu fupi: "Mwambie dada yako mchana ni wake kwa dharura. Usiku ni wa nyumba aliyofiwa. Aende, asijipambe, arudi kabla ya magharibi."

Jumamosi asubuhi nikavaa nguo zangu za eda, buibui juu, nikatoka na kaka yangu. Wanawake waliokuwa wakichota maji waliacha ndoo. Mmoja akasema, si kwa sauti ya chini, "Mwenzenu kachoka kumlilia." Nikampa salamu, na kwa kuwa salamu ni lazima ijibiwe, akalazimika kunijibu.

Mavyaa alikuwa kitanda cha mwisho, karibu na dirisha. Alikuwa amekonda, lakini macho yake yalikuwa yale yale.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani kakufungulia?"

"Kadhi."

"Hm. Wasema umekata kizingiti cha babangu."

"Nimekikata."

"Kwa msumeno wa nani?"

"Wa kaka yangu."

"Basi kimekwenda upande. Yule hajui kukata." Akageuza uso dirishani. Tangu mwaka 1948 hakuwahi kunisifu kwa jambo lolote, na mimi sikuwa nimeomba.

Sista alikuja. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye saa iliyoning'inia kifuani, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuamrisha wapagazi. "Wewe nani? Wewe hapana ile ya Likoni." Nikamwambia mimi ni mke wa mwanawe. "Sawa. Angalia mimi. Mara moja tu." Akanionyesha. Unasimama upande wa mguu mzima. Unakunja magoti yako, si mgongo. Mgonjwa anakushika mabega, wewe unamshika kiunoni, humvuti mikono. Anasimama kwa mguu mmoja, anageuka juu ya mguu huo huo, na ndipo anaketi. Ule mbovu unatangulizwa mbele, haugusi kitu.

Nilijaribu. Nilimwinua nusu, nguvu zikaniisha, akarudi kitandani kwa kishindo.

"Wanibeba kama gunia la mkaa," mavyaa akasema. "Mimi si mzigo wa gati."

"Nishike vizuri, mama."

"Nikushike wapi, huna nyama."

Wakati huo huo wifi yangu akatokea na bakuli la uji. Sijui nani alimwambia, lakini habari za Jomvu hufika Likoni kabla ya feri. Aliweka bakuli chini, akanisogeza kwa kiwiko, akakunja magoti, akamwinua mama yake, akamgeuza na kumkalisha kitini kama mtu anayeweka kikombe juu ya kisahani chake. Sista akasema, "Huyu mzuri." Wifi yangu hakuniangalia. Hakuwa na haja. Nilisimama nikiwa na mikono mitupu mbele ya wodi nzima, na kama ningepewa siku ile kuchagua kati ya kumwona akianguka na kupata mali, nisingechukua mali.

Nilirudi Jumapili, nikarudi Jumatatu. Jumatatu nilimwinua mavyaa, nikamgeuza, nikamkalisha, naye akasema tu, "Polepole ukitua," maana yake nimeweza. Sista akaitikia kwa kichwa na kwenda zake. Siku hiyo hiyo wifi yangu alikuja tena, akakaa karibu na miguu ya mama yake akiwa amelitandaza buibui lake. Sista alipokuwa akipita alisimama ghafla, akanusa, akafunua shuka. Mguu wote ulikuwa unang'aa mafuta ya nazi, na chupa ilikuwa mapajani mwa wifi yangu.

"Nje," sista akasema. "Mimi nasema hapana kanda. Mimi nasema mara ngapi? Nje!"

"Nilikuwa nampaka tu, ngozi imekauka," wifi yangu akasema.

"Nyinyi wote wawili kelele. Mpaka Jumamosi mimi nataka jina moja. Hapana majina mawili. Kama majina mawili, mama anakwenda ile wodi nyingine."

Mlangoni wifi yangu alinikamata mkono. "Ni wewe uliyemwambia."

"Ana pua yake."

"Nitakushitaki kwa Kadhi. Yeye aliyekutoa ndani ndiye atakayekurudisha."

"Tangulia, nakuja," nikamwambia.

Hivyo ndivyo tulivyofika kwa Kadhi, siku mbili kabla ya ile Jumamosi ya sista. Wanawake tuliketi mkekani nyuma ya pazia, yeye mwisho huu na mimi mwisho ule, na kaka yangu upande wa pili wa pazia. Kadhi alikuwa mtu wa sauti ndogo, aliyependa kumaliza neno lake kabla ya kuanza jingine.

Wifi yangu alisema kwanza. "Sheikh, mimi nimezaliwa na huyu mama. Huyu kaja kwa posa. Aliyemleta kafa. Nimwachie mama yangu kwa lipi?"

"Nawe?" Kadhi akaniuliza.

"Sheikh, mimi sikuja kumdai mama. Nataka arudi kwake. Likoni si kwake."

Kadhi akasema kwamba jana yake alikuwa amemtuma karani wake hospitali amuulize mgonjwa mwenyewe, kwa kuwa mwenye akili timamu hasemewi. Karani akatoa jibu kama alivyolipokea, bila kulipamba. Mavyaa alikuwa amesema: "Nataka kufa kwangu, na kabla ya kufa nataka kusali wima. Nani atanipa hayo, mimi sijui. Mwulizeni Kadhi, yeye ndiye alipwaye mshahara."

Nyuma ya pazia sikumwona Kadhi, lakini alikohoa kidogo.

"Basi Likoni imeondoka," akasema. "Atarudi Jomvu Kuu."

Wifi yangu hakuchelewa hata kidogo. "Nitahamia Jomvu Kuu, Sheikh. Mume wangu kaniruhusu. Nitamtazama mama katika nyumba yake, na huyu akae eda yake chumbani, ikiisha aende. Mwulizeni yule Mzungu nani ajuaye kumwinua. Alisema kwa mdomo wake kwamba mimi ni mzuri."

Lilikuwa neno lenye nguvu, na halikuwa na uongo ndani yake. Kadhi akamuuliza kaka yangu kama ni kweli sista alisema hivyo. Kaka yangu, ambaye hajui kusema uongo hata unapohitajika, akasema ni kweli. Nilimchukia kwa muda.

Kadhi akafikiri. Kisha akasema, "Hospitali imeweka masharti, nami siwezi kumtia mgonjwa mikononi mwa mtu asiyeyakubali. Kuinua mnajua nyote wawili. Kitanda kipo, kiti kipo, mlango umekatwa. Limebaki moja. Kila mmoja wenu aape mbele yangu kwamba mkandaji hataugusa mguu huo mpaka daktari atoe ruhusa. Binti yangu wa Jomvu?"

"Wallahi, hataugusa."

"Binti yangu wa Likoni?"

Nilitazama mwisho ule wa mkeka. Wifi yangu alikuwa ameinamisha kichwa, na vidole vyake vilikuwa vinakunja na kukunjua pindo la buibui.

"Sheikh, siapi," akasema.

"Kwa nini?"

"Kwa sababu namjua mama na najijua mimi. Akinililia kwa maumivu, nitamwita. Mikono ya yule bibi ndiyo iliyonipokea duniani. Kila nilipozaa ilinikanda, na bila hiyo nisingesimama. Nikiapa leo, nitakuwa nimeapa uongo, na mimi simwapii Mungu uongo kwa ajili ya kumshinda huyu."

Katika yote aliyosema mwaka ule, hilo peke yake sikulipinga. Angeweza kuapa. Hakuna mtu ambaye angejua kabla ya kwisha kipupwe, na mimi nisingekuwa na la kusema tena.

Kadhi akasema Mungu amjazie kheri kwa ukweli wake, kisha akatamka sulhu, karani akaandika. Mavyaa arudishwe Jomvu Kuu chini ya mikono yangu, na jina langu ndilo litakalopelekwa kwa sista. Wifi yangu aingie nyumba ile siku yoyote kuanzia alfajiri hadi magharibi, bila kubisha hodi, apike atakacho, amwogeshe mama yake, na asilete mkandaji. Nami sina haki yoyote juu ya nyumba. Eda ikiisha, nitakaa kwa ridhaa ya mavyaa tu, na siku atakayosema niondoke, nitaondoka bila kesi.

"Umekubali?" Kadhi akaniuliza.

"Nimekubali."

"Nawe?"

"Nimekubali, Sheikh."

Karani alipokuwa akimalizia kuandika, wifi yangu alinisogelea. "Umeshinda kitanda," akasema. "Nyumba hukuishinda."

"Mgonjwa hulazwa kitandani, wifi."

"Siku atakayorudi nitakuja alfajiri. Nitataka kuona umempikia nini."

"Mlango hauna kizingiti. Usijikwae kwa mazoea."

Karani akapitisha karatasi na kalamu chini ya pazia. Wifi yangu alitangulia. Aliandika jina lake, la baba yake na la babu yake, polepole, herufi kwa herufi, huku akiwa ameigeuza karatasi upande wangu nione vizuri. Kisha karani akapitisha wino, nikatia dole gumba chini ya jina lake. Ilikuwa Alhamisi, tarehe 28 Julai 1960, kabla ya adhuhuri.